Mvinyo: nani wa kumwamini, na kwa swali lipi

Chukua chupa ya mvinyo mwekundu wa Afrika Kusini kwenye rafu ya supamaketi yoyote ya Masaki au Mlimani City, igeuze usome lebo ya nyuma. Mara nyingi utakuta maneno ya namna hii: Cabernet Sauvignon, Stellenbosch, 2021, kilevi asilimia 14. Kisha: harufu ya matunda meusi ya msituni na mwaloni. Kisha: unaendana na nyama ya kuchoma. Mwisho: unywewe ukiwa kwenye joto la chumba.

Hiyo ni mistari minne, na kila mmoja una mwenyewe. Wa kwanza unalindwa na sheria na unaweza kukaguliwa. Wa pili nusu yake ni kemia, nusu ni pua ya aliyeuandika. Wa tatu ni mapenzi ya mtu tu. Wa nne, kwa mkazi wa Dar es Salaam, ni kosa, na sababu tutaifikia.

Wanaoanza kujifunza mvinyo hukwama hapo. Wanatafuta kitabu kimoja, mwalimu mmoja au ukurasa mmoja wa kuaminiwa kwa mambo yote manne, na wakigundua amekosea moja wanamtupa kwa yote. Njia nyepesi ni kulipasua swali kabla ya kulitafutia jibu: je, hili ni jambo la sheria, la sayansi, au la ladha? Ukishajua, nusu ya kazi imekwisha, maana kila aina ina mlango wake wa kubisha.

Maneno yenyewe kwanza. Dukani tunasema waini, kanisani divai, kwenye maandishi mvinyo. Shirika la kimataifa la mzabibu na mvinyo, OIV, lenye mizizi ya mwaka 1924 na makao yake leo mjini Dijon, Ufaransa, linatambua mvinyo kuwa ni kinywaji kilichochachuka kutokana na zabibu mbichi, yaani zisizokaushwa, au juisi yake, basi. Kinywaji cha rozela, ndizi au nanasi kina ufundi wake na soko lake, ila vitabu vya mvinyo havikihusu. Mafunzo mengi ya ujasiriamali yanayofundisha "kutengeneza waini" nyumbani ni ya rozela na ndizi, kwa hiyo ukiyachukua ukayapeleka kwenye zabibu utachanganyikiwa: rozela na ndizi huongezewa maji na sukari nyingi ndiyo zichachuke, wakati zabibu iliyoiva vizuri inajitosheleza kwa vyote viwili.

Mlango wa sheria

Hapa ndipo penye majibu ya uhakika kuliko kwingine, na ndipo watu hawagusi kabisa kwa kudhani sheria ni kavu. Ni kavu kweli. Lakini mtu anayejua kusoma lebo kisheria hadanganywi na picha ya ngome wala herufi za dhahabu.

Tuanze na Afrika Kusini, kwa kuwa mvinyo wake umejaa maduka yetu. Tangu 1973 nchi hiyo ina mfumo wa asili ya mvinyo. Chupa ikitaja eneo, aina ya zabibu au mwaka wa mavuno, lazima iwe imethibitishwa. Ikitaja eneo, zabibu zote asilimia 100 zimetoka humo. Ikitaja aina moja ya zabibu, angalau asilimia 85 ni aina hiyo, na mwaka vivyo hivyo, asilimia 85. Maana yake ni kwamba chupa iliyoandikwa Cabernet Sauvignon inaweza kuwa na asilimia 15 ya Merlot bila lebo kusema neno, na hakuna aliyevunja sheria. Tazama pia ukubwa wa eneo lililotajwa. Stellenbosch ni wilaya. Western Cape ni karibu kila kitu kilichopo huko kusini magharibi. Chupa mbili zenye ladha ya kukaribiana na bei zinazopishana sana, mara nyingi tofauti yao inaanzia kwenye neno hilo moja.

Umoja wa Ulaya nao unatumia asilimia 85 kwa aina na kwa mwaka. Marekani ni asilimia 75 kwa aina ya zabibu. Anayekuambia "jina la zabibu kwenye chupa maana yake ni zabibu hiyo tupu" hajasoma sheria ya nchi yoyote kati ya hizo.

Kwa majina ya maeneo ya Ulaya, yaani Chianti, Rioja, Chablis na ndugu zao, Umoja wa Ulaya una daftari la wazi mtandaoni liitwalo eAmbrosia. Ni bure. Unaandika jina la eneo, unapata waraka unaoeleza zabibu zinazoruhusiwa na mipaka yake. Ufaransa ina taasisi yake, INAO, iliyoanzishwa 1935 kwa kazi hiyohiyo. Lugha ya nyaraka hizi inachosha, lakini mabishano ya baa yanayochukua saa mbili yanakatwa humo kwa dakika tano.

Kuna jambo jipya ambalo vitabu vingi bado havijalishika. Mvinyo wa Ulaya uliotengenezwa kuanzia tarehe 8 Desemba 2023 unapaswa kueleza viungo vyake na nishati yake, na watengenezaji wengi wameviweka kwenye msimbo wa QR nyuma ya chupa. Elekeza simu pale pale dukani. Utaona kama umeongezwa asidi, kihifadhi gani kimetumika na kalori ni ngapi. Ni somo la bure, na limeandikwa na mtu ambaye sheria inamkaba asiseme uongo.

Kwetu, alama mbili kwenye chupa huchanganywa. Stempu ya kielektroniki ya TRA, iliyoanza kutumika kwenye mvinyo mwaka 2019, inathibitisha kuwa bidhaa imepita kwenye mfumo wa kodi. Unaweza kuikagua kwa programu ya Hakiki Stempu. Alama ya TBS inahusu viwango: usalama, kiasi cha kilevi, mipaka ya kemikali. Zote ni muhimu, hasa kwa anayeogopa chupa ya kughushi, na hakuna hata moja inayosema mvinyo ni mzuri. Muuzaji anayekujibu "una stempu, ni orijino" amejibu swali la kodi wakati wewe umeuliza la ladha.

Mlango wa sayansi, na jinsi ya kumpima mwalimu

Sayansi ya mvinyo inasonga, na vitabu vinazeeka bila kusema. Mfano safi ni Chile. Kwa miongo mingi, sehemu kubwa ya mizabibu iliyoitwa Merlot nchini humo haikuwa Merlot. Mwaka 1994 mtaalamu wa mizabibu kutoka Ufaransa, Jean-Michel Boursiquot, aliitambua kuwa ni Carmenère, zabibu ya Bordeaux ambayo watu walidhani imekaribia kutoweka. Basi kitabu cha mtumba cha mwaka 1985, cha bei ya kutupwa kwa wauza vitabu wa Posta, bado kitakufaa kwa ramani ya mito na vilima, ila sura yake ya Chile uiruke. Kabla ya kulipa, fungua ukurasa wenye mwaka wa toleo. Mwaka wa kuchapishwa upya haukusaidii, tafuta mwaka wa kuhaririwa.

Vipi basi umpime mwandishi, mwalimu au hata programu ya akili bandia inayojibu kila kitu kwa uhakika wa kutisha? Muulize mambo ambayo majibu yake unayo tayari. Sisi tungeanza na haya matatu.

La kwanza ni ramani ya ulimi: eti utamu uko nchani, uchungu nyuma, uchachu pembeni. Ilitokana na utafiti wa David Hänig wa mwaka 1901, ambao ulionyesha tofauti ndogo sana za wepesi wa kuhisi, kisha Edwin Boring mwaka 1942 akauchora kwa namna iliyofanya tofauti hizo zionekane kama mipaka ya nchi. Ulimi mzima unahisi ladha zote. Mwalimu anayekuchorea ramani hiyo, au anayekuuzia glasi maalumu "inayomwaga mvinyo kwenye sehemu ya utamu", amenakili bila kukagua. Na aliyenakili hili amenakili na mengine.

La pili ni machozi ya mvinyo, ile michirizi inayoteremka ndani ya glasi ukiizungusha. Utaambiwa mingi ni dalili ya ubora. Fizikia yake ilielezwa na James Thomson mwaka 1855 na leo inabeba jina la Carlo Marangoni: kilevi hukauka upesi kuliko maji, mvutano wa uso wa kimiminika hubadilika, mvinyo hupanda ukuta wa glasi kisha huanguka kwa uzito wake. Inakuonyesha kilevi, na kidogo sukari. Ubora haumo.

La tatu ni Pinotage, zabibu ya Afrika Kusini yenyewe. Abraham Perold aliizalisha mwaka 1925 kwa kuchavusha Pinot Noir na Cinsaut. Wakati ule Cinsaut huko iliitwa Hermitage, ndiyo chanzo cha jina. Wapo wanaoandika kuwa mzazi wa pili ni Syrah, kwa sababu mvinyo wa eneo la Hermitage nchini Ufaransa ni wa Syrah. Wameona neno wakakisia. Ukoo wa zabibu unakaguliwa bure kwenye hifadhidata ya VIVC, inayotunzwa na taasisi ya Julius Kühn ya Ujerumani: andika jina, soma wazazi.

Kwa maswali ya kemia na kasoro za mvinyo, taasisi ya utafiti ya Australia, AWRI, iliyoanzishwa 1955, hutoa maelezo ya wazi kwa watengenezaji, na kidato cha nne chako cha kemia kinatosha kuyafuata. Humo ndimo mtu anapoachana na uzushi wa salfaiti, vile vihifadhi vinavyotiwa kwenye mvinyo, kwamba ndizo zinazoumiza kichwa kila anayekunywa mvinyo mwekundu. Sheria ya Ulaya inaruhusu miligramu 150 kwa lita kwa mwekundu mkavu na 200 kwa mweupe mkavu. Mweupe unaruhusiwa zaidi, lakini lawama zote hupewa mwekundu. Hesabu hiyo peke yake inatosha kumtia mtu shaka. Wapo wachache, hasa wenye pumu, wanaodhurika na salfaiti kweli, na ndiyo maana lebo hulazimika kuzitaja zikizidi miligramu 10 kwa lita.

Chanzo kingine ambacho wanunuzi hawakitumii ni karatasi ya vipimo ya mtengenezaji mwenyewe. Kampuni nyingi za Afrika Kusini huiweka mtandaoni kwa kila mvinyo na kila mwaka. Ruka maneno matamu ya juu, nenda kwenye namba za chini: kilevi, sukari iliyobaki kwa lita, asidi kwa lita, pH. Ukionja huku umeshika namba hizo, baada ya chupa kama kumi ulimi wako unaanza kuzikisia.

Mlango wa ladha: pua ya Kariakoo

Vitabu vya mvinyo vimeandikwa na watu waliokulia kwenye bustani za Ulaya. Wanakuambia gooseberry, blackcurrant, majani ya msitu baada ya mvua ya vuli. Mtoto wa Temeke hajawahi kulionja hata moja kati ya hayo, naye huhitimisha kuwa hana pua. Anayo. Kinachokosekana ni tafsiri, na bahati nzuri kemia inaitoa.

Mvinyo uliokaa kwenye pipa la mwaloni hubeba eujenoli. Ni molekuli ileile inayoipa karafuu harufu yake, kwa hiyo anayeandika "viungo vya mwaloni" anazungumzia kitu ambacho Pemba wanakianika kwenye majamvi. Pipa hilohilo hutoa vanilini, harufu ya vanila. Sauvignon Blanc hubeba thioli zenye harufu ya pasheni na pera. Sogeza pera lililoiva karibu na glasi ya Sauvignon Blanc ya baridi, utaona. Cabernet Sauvignon iliyovunwa kabla ya kuiva sawasawa hunukia pilipili hoho mbichi, kazi ya pirazini. Muscat ina linaloli, ambayo imo pia kwenye mbegu za giligilani na kwenye mrehani. Syrah wakati mwingine hunukia pilipili manga. Watafiti wa Australia waliitambua molekuli yake, rotundoni, mwaka 2008, na wakagundua kuwa takriban mtu 1 kati ya 5 haisikii hata ikiwekwa kwenye maji matupu. Hapo unapata jibu la ugomvi wa watu wawili juu ya glasi moja: wote wakweli, pua tofauti.

Ukakasi wa tanini hauhitaji tafsiri kwa aliyewahi kuuma bibo la korosho ambalo halijaiva, au kula zambarau nyingi hadi ulimi ukakauka. Siagi kwenye Chardonnay ni zao la bakteria wanaobadili asidi kali kuwa laini. Siki ni siki. Harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha ni kasoro, wala usiitafutie sifa. Na boksi lililoloa ni kizibo kilichochafuliwa na kemikali iitwayo TCA: kiasi kidogo sana cha nanogramu chache kwa lita kinatosha kuua matunda yote, na chupa yenye kifuniko cha kuzungusha ni nadra kuwa nayo.

Zoezi la kuanzia halihitaji hata tone la mvinyo. Andaa glasi nne za maji, mililita 200 kila moja. Ya kwanza tia kijiko kimoja cha chai cha juisi ya ndimu. Ya pili tia juisi ileile pamoja na vijiko viwili vya sukari, kama gramu 8. Ya tatu tia sukari gramu 8 tu. Ya nne iwe chai ya rangi, mifuko miwili iliyolowekwa dakika 10, bila sukari, ikapoa. Onja ya tatu kisha ya pili: sukari ni ileile, lakini yenye ndimu inaonekana si tamu kihivyo. Umejifunza kwa nini mvinyo wenye sukari unaweza kuhisiwa mkavu uchachu wake ukiwa juu. Chai itakuonyesha ukakasi ulivyo tofauti na uchachu: ndimu hujaza mate mdomoni, chai huyakausha. Wanaoanza huvichanganya viwili hivyo na kuviita vyote "ukali".

Na hilo neno mkavu. Huko Ulaya mvinyo mkavu kwa kawaida hauzidi gramu 4 za sukari kwa lita, au hadi 9 uchachu ukiwa wa kutosha. Soda ya kola ina zaidi ya gramu 100 kwa lita. Anayetoka kwenye soda akaonja mvinyo mkavu akakunja uso hajakosea kitu. Ulimi wake umesoma tofauti halisi ya zaidi ya mara kumi. Ila ajue kuwa harufu ya embe au nanasi ndani ya mvinyo si sukari. Inaweza kuwepo kwenye mvinyo mkavu kabisa.

Ukitaka kuonja kwa kulinganisha bila kufilisika, changishaneni. Watu 12, chupa 6, kila mmoja anapata takriban mililita 60 za kila chupa. Funika chupa kwa magazeti, ziandike namba, kila mtu aandike lake kimyakimya kabla ya yeyote kufungua mdomo. Msemaji wa kwanza huwaambukiza wengine wote. Wekeni ndoo ya kutemea. Glasi sita ndogo kama hizo zikimezwa zote ni mililita 360, karibu nusu chupa, na kufikia ya nne hakuna anayejifunza kitu. Wote wawe wametimiza miaka 18, na funguo za gari zibaki nyumbani.

Joto la chumba la nani?

Ushauri wa "joto la chumba" ulizaliwa kwenye nyumba za Ulaya kabla ya mifumo ya kupasha joto kuenea, chumba kikiwa na nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Sinza mwezi Februari ina nyuzi 30. Mvinyo mwekundu kwenye joto hilo hupandisha kilevi puani, matunda yanakuwa kama yamechemshwa, na wewe unafunga kitabu ukisema mwandishi mwongo. Mwandishi alikuwa sahihi, tatizo ni chumba.

Mwekundu unafaa kwenye nyuzi 15 hadi 18, mweupe 8 hadi 12. Kutoka nyuzi 29, friji ya kawaida inahitaji kama saa moja na nusu kuufikisha mwekundu. Haraka zaidi ni ndoo yenye barafu na maji nusu kwa nusu: dakika 12 hadi 15 kwa mwekundu, nusu saa kwa mweupe. Barafu tupu bila maji ni polepole, kwa kuwa vipande huacha nafasi za hewa na chupa inaguswa sehemu chache tu. Kipimajoto cha jikoni cha kidijitali kitakufundisha zaidi ya glasi za kioo cha bei.

Joto linaanza kuharibu dukani. Chupa inayosimama kwenye dirisha la kioo linalopigwa na jua la saa tisa haihitaji mwezi kuharibika. Angalia kizibo kilichojitokeza juu ya shingo, ute ulioganda chini ya kifuniko, mvinyo mweupe uliokuwa kahawia kabla ya umri wake. Muulize muuzaji swali moja: kiyoyozi kinazimwa usiku? Akicheka, chukua chupa iliyoingia karibuni kutoka stoo, si ile ya mbele yenye vumbi.

Pointi, medali na nyota

Mfumo wa pointi 100 ulienezwa na Mmarekani Robert Parker kuanzia 1978, na mizani yake kwa hakika inaanzia 50. Pointi zinasaidia kwa kitu kimoja: kukuambia ladha ya mtu fulani. Ukimfahamu mtu huyo, unaweza kumtumia hata mkipingana. Akisifu mwaloni mzito nawe huupendi, umeshajua la kukwepa. Bila kumjua, namba ni pambo.

Uthabiti wa majaji wenyewe umepimwa. Robert Hodgson alichapisha mwaka 2008 matokeo ya mashindano ya mvinyo ya jimbo la California ambako jaji alipewa mvinyo uleule mara tatu bila kujua. Kwa kawaida alama zilipishana kwa pointi 4 juu au chini, na ni takriban jaji 1 kati ya 10 tu aliyebaki imara. Mwaka 2001 huko Bordeaux, watafiti walipaka mvinyo mweupe rangi nyekundu isiyo na harufu. Waonjaji 54 wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Hawa walikuwa wanafunzi wa fani yenyewe, si walevi wa kona. Ndiyo sababu ya yale magazeti tuliyosema mfunikie chupa.

Medali nazo zina daraja. Mashindano yaliyo chini ya ulezi wa OIV hayaruhusiwi kugawa medali zaidi ya asilimia 30 ya mivinyo iliyoshindana. Mengine hayana kikomo hicho, na washiriki hulipa ada kwa kila chupa. Programu za simu kama Vivino, iliyoanzishwa 2010, zinafaa kutambua lebo na kupata wazo la bei ya nje. Nyota zake ni wastani wa wanunuzi wa kila aina, na mvinyo wa ladha nyepesi kueleweka huwa na bahati zaidi humo. Kumbuka pia kuwa inauza mvinyo.

Cheti na vitabu

Hapa tufupishe. WSET, taasisi ya mafunzo ya mvinyo ya London iliyoanzishwa 1969, ndiyo njia inayotambulika zaidi katika biashara. Ngazi ya 1 inahitaji saa 6 za masomo na mtihani wa maswali 30. Ya 2 saa 28 na maswali 50. Ya 3 saa 84, yenye maandishi na kuonja. Kabla ya kumlipa yeyote anayesema anaifundisha hapa mjini, tafuta jina lake kwenye orodha ya watoa mafunzo kwenye tovuti ya WSET yenyewe. Mtaala na kadi ya kuonjea vinapakuliwa bure humo, na kwa asiyehitaji cheti hivyo vinatosha kuwa ramani. Mhudumu wa hoteli atafaidika zaidi na njia ya Court of Master Sommeliers, inayopima huduma mezani. Cape Wine Academy ya Afrika Kusini, ya tangu 1979, iko karibu zaidi na mvinyo tunaouona madukani.

Kwa vitabu, The Oxford Companion to Wine, toleo la tano la 2023, ni kamusi ya kufungua unapokwama, si ya kusoma kurasa kwa kurasa. The World Atlas of Wine, toleo la nane la 2019, ni ya ramani. Wine Grapes ya 2012 inaeleza aina 1,368 za zabibu, na bei yake ni ya kuchangiana watu watatu.

Dodoma haimo vitabuni

Vitabu hivi vyote, kwa uzuri wake, vinadhani mzabibu hulala wakati wa baridi na huvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100, haina baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa kupogoa matawi, naye huvuna mara mbili: Februari hadi Machi, na tena Agosti hadi Septemba. Mavuno ya kwanza huangukia masika, wakati magonjwa ya ukungu, ubwiri unga na ubwiri vinyoya, yanasumbua na maji huzimua sukari kwenye tunda. Ya pili huiva kiangazi. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa kwenye chupa ya Dodoma haukuambii nusu ya unachohitaji. Uliza ni mavuno ya mwezi gani.

Kwa zabibu za huko, chanzo cha kubisha hodi ni kituo cha Makutupora cha taasisi ya utafiti wa kilimo, TARI, kilichobeba jina moja na zabibu nyekundu maarufu ya eneo hilo. Chenin Blanc ndiyo nyeupe inayolimwa sana. Treni ya SGR imefika Dodoma tangu Julai 2024, kwa hiyo safari ya wakati wa mavuno si mradi tena. Panga Agosti. Shambani uliza shamba lilipogolewa lini, zabibu zinasubiri saa ngapi kabla ya kukamuliwa kwenye jua lile, na kiwandani kama juisi inapoozwa wakati wa kuchachuka. Kisha omba kuona kipima sukari kikisoma tone la juisi. Kikionyesha nyuzi 22 za sukari (Brix), zidisha kwa 0.55, utapata kama asilimia 12 ya kilevi endapo sukari yote itachachuka. Iandike namba hiyo na tarehe, uilinganishe na lebo chupa itakapofika dukani Dar.